Anayeambiwa kwanza ni rafiki wa chumba kimoja

Zoezi huanza na karatasi tupu. Meza zimesogezwa ukutani, viti vimepangwa duara, na wanafunzi ishirini na kitu walioacha usingizi wa Jumamosi wanagawiwa kalamu. Mwezeshaji, naye mwanafunzi kama wao, anawapa kisa cha kubuni. Ni saa kumi na moja alfajiri, hosteli, chumba cha watu wanne. Mlango unafunguliwa taratibu. Anayeingia ni mwenzenu wa mwaka wa kwanza, aliyeaga jana jioni kwamba anakwenda kujisomea na wenzake. Kiatu kimoja amekishika mkononi. Anakaa kwenye ukingo wa kitanda, havui nguo, hawashi taa. Wewe wa kitanda cha jirani umeshaamka. Baada ya kimya kirefu anasema, "Kuna kitu kimenitokea."

Andika sentensi ya kwanza utakayomwambia. Una dakika moja.

Karatasi zinakusanywa bila majina na kusomwa kwa sauti. "Kitu gani?" "Nani?" "Ulikuwa wapi mpaka saa hizi?" "Si nilikwambia yule kaka simwelewi?" "Twende polisi sasa hivi." "Nyamaza, usimwambie mtu." Karibu zote zimeandikwa kwa nia njema. Nyingi ni maswali, na ndani ya maswali hayo mna hukumu ambayo mwandishi wake haioni mpaka aisikie ikisomwa na mtu mwingine.

Mazoezi ya namna hii ndiyo chakula cha kila siku cha waelimishaji rika wanaofanya kazi ya kuzuia ukatili wa kingono vyuoni. Sababu ya kuanzia hapo, badala ya kuanza na sheria au takwimu, ni nyepesi kuieleza: tafiti za nchi nyingi zinaonyesha kwamba mtu aliyefanyiwa ukatili, akiamua kusema, mara nyingi humwambia rafiki kwanza. Daktari, polisi na mshauri wa wanafunzi hufuata baadaye, wakifuata. Kinachotokea katika dakika kumi za mwanzo kati ya marafiki wawili ndicho huamua kama wengine hao watasikia chochote.

Na wengi hawasemi kabisa. Utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto uliofanyika Tanzania mwaka 2009, uliowahoji vijana wa miaka 13 hadi 24, ulikuta kwamba karibu wasichana watatu kati ya kumi walikuwa wamefanyiwa angalau tendo moja la ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Kwa wavulana ilikuwa karibu mmoja kati ya saba. Takribani nusu ya wasichana hao hawakuwahi kumwambia mtu yeyote, na kwa wavulana walionyamaza walikuwa wengi zaidi. Kwa hiyo katika ukumbi wa mihadhara wenye wanafunzi mia tatu, wapo walioingia chuoni na jambo ambalo halijawahi kutamkwa.

Kutoka kondomu hadi ridhaa

Waliosoma vyuo miaka ya 1990 na 2000 wanawakumbuka waelimishaji rika kwa jambo jingine: UKIMWI. Walikuwa wale wanafunzi wenye mabango, wanaoonyesha matumizi ya kondomu mbele ya wenzao wanaocheka. Mbinu ni ile ile, kwamba kijana humsikiliza kijana mwenzake katika mambo ambayo hawezi kuyataja mbele ya mhadhiri au mzazi. Kilichobadilika ni somo. Kufundisha kondomu kulihitaji ujasiri wa nusu saa. Kufundisha ridhaa kunamtaka mwelimishaji aguse mambo ambayo wenzake wameyazoea: utani wa kwenye korido, kaka wa mwaka wa tatu anayewinda wanafunzi wapya, picha zinazozungushwa kwenye kundi la WhatsApp.

Tanzania ina kumbukumbu yake chungu juu ya hili. Kwa miaka mingi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa na desturi ya wanafunzi iliyoitwa Mzee Punch: maandishi na michoro iliyobandikwa ukutani kwa siri, ikiwadhalilisha watu kwa majina. Walioumizwa zaidi walikuwa wanafunzi wa kike. Februari 1990 Levina Mukasa, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, alijiua baada ya kuandamwa na kundi hilo. Punch ilipigwa marufuku baada ya kifo chake. Chama cha Wanahabari Wanawake, TAMWA, wakati huo kikiwa na umri wa miaka mitatu hivi, kilikuwa miongoni mwa waliopaza sauti.

Kisa hicho kinastahili kufundishwa kila wiki ya kuwapokea wanafunzi wapya, na si kwa ajili ya kuwatisha. Maandishi yale hayakuwa siri: yalibandikwa ili yasomwe, na yalisomwa. Kila aliyesimama mbele ya ukuta akacheka, au akasoma na kuondoka kimya, alikuwa shuhuda. Leo ukuta umehamia kwenye simu, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inautambua uonevu wa mtandaoni kuwa kosa, lakini shuhuda ni yule yule, kidole kikiwa juu ya kitufe cha kusambaza.

Miaka sita baada ya kifo cha Levina, mwaka 1996, wataalamu wa sanaa za maonyesho wa chuo hicho hicho walianzisha Tuseme, mpango uliowatumia wasichana wa sekondari kuigiza matatizo yao wenyewe na kutafuta ufumbuzi wao wenyewe. Shirika la FAWE likauchukua na kuusambaza katika nchi nyingine za Afrika. Wazo kwamba kijana anaweza kumfundisha kijana mwenzake kusema halikuletwa na ndege.

Nini cha kusema alfajiri

Turudi kwenye kile chumba. Mafunzo mengi ya kuwapokea manusura, yakiwemo yale yanayofuata mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, WHO, yanaanza na kusikiliza bila kuhoji. Mwelimishaji rika huambiwa ajifunze sentensi tatu au nne za kawaida na aziseme kwa sauti ya kawaida: nimekusikia, pole sana, hili si kosa lako, unahitaji nini sasa hivi. Maji ya kunywa, khanga ya kujifunika, mtu wa kukaa karibu bila kumgusa mpaka akubali kuguswa. Maswali ya nani, wapi na kwa nini yana wenyewe, na wenyewe si rafiki.

Jambo gumu kwa wengi ni kumwachia mwenye jambo uamuzi. Rafiki mwenye hasira njema hutaka kukimbia: polisi, kwa mlezi wa hosteli, kwa kaka zake aliyetendwa. Lakini mtu ambaye saa chache zilizopita mwili wake uliamuliwa na mwingine hahitaji mwingine tena wa kumwamulia. Anaelezwa njia zilizopo na faida ya kila moja, kisha anaulizwa. Akisema hospitali tu, ni hospitali tu.

Hapo saa inaanza kuhesabu. Dawa kinga dhidi ya VVU, maarufu kama PEP, zinapaswa kuanza mapema iwezekanavyo na kabla ya saa 72 kupita, kisha zinamezwa kwa siku 28. Vidonge vya dharura vya kuzuia mimba vinaweza kutumika hadi siku tano, ila kila saa inayopita inavipunguzia nguvu. Yako pia matibabu ya kuzuia magonjwa ya zinaa na chanjo ya homa ya ini aina B.

Saa 72 zinasikika nyingi kwa asiyezihesabu. Tukio la Ijumaa saa nne usiku, muda wake unaisha Jumatatu saa nne usiku. Katikati hapo kuna Jumamosi ya kulia, Jumapili ya kusema tutaona kesho, na Jumatatu yenye jaribio la darasani. Mwenye kuumia hana nguvu ya kuhesabu. Rafiki aliyefundishwa anazo.

Anafundishwa na mengine madogo ambayo hayamo kwenye mabango: ni vizuri mwenzake asioge wala kubadilisha nguo kabla ya kupimwa, lakini kama ameshaoga bado aende, kwa sababu dawa hazisubiri ushahidi. Nguo zihifadhiwe kwenye mfuko wa karatasi, kwani nailoni hushika unyevu na kuharibu vielelezo. Simu isifutwe ujumbe wowote. Fomu ya polisi, PF3, inahitajika kwa ajili ya kesi, na hutolewa kituoni, ambako kuna Dawati la Jinsia na Watoto. Ila huduma ya dharura ya afya haipaswi kukwama mlangoni kwa sababu ya karatasi. Baadhi ya hospitali, Amana ya Dar es Salaam ikiwa mojawapo, zina vituo vya mkono kwa mkono, ambako daktari, polisi na ofisa ustawi wa jamii wako chini ya paa moja na mtu hasimulii jambo lile lile mara nne kwa watu wanne.

"Hakupiga kelele"

Sehemu ya mafunzo inayozua mabishano kuliko zote ni sheria, na mabishano hayo huanza na sentensi moja: kama hakutaka, mbona hakupiga kelele?

Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, imeshalijibu swali hilo. Kifungu cha 130, kilichotokana na Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998, kinahesabu kuwa ni ubakaji pale ridhaa isipokuwepo, na pia pale ridhaa ilipopatikana kwa nguvu, kwa vitisho, au wakati mwanamke akiwa amelewa kilevi alichopewa na mwanaume huyo au mtu mwingine. Kifungu hicho hicho kinasema ushahidi wa kupambana, kama vile majeraha mwilini, si lazima ili kuthibitisha kwamba hakukuwa na ridhaa. Adhabu ni kifungo kisichopungua miaka 30.

Wanafunzi wengi hawakuwahi kusikia hilo la majeraha. Hata hivyo kwa mwandishi wa afya maelezo yake hayana mwujiza: mwili ukikabiliwa na hatari kubwa huweza kukimbia, kupigana, au kuganda. Kuganda si kukubali. Misuli inakaza, sauti haitoki, akili inajitenga na kinachotokea. Waliopitia hali hiyo hujilaumu kwa miaka kwa nini hawakusukuma mlango. Kijana akielezwa jinsi mwili unavyofanya kazi, mara nyingine lawama hiyo hushuka kidogo, na kijana mwingine aliyekuwa tayari kuuliza swali la kelele huachana nalo.

Kabla ya alfajiri

Kumpokea aliyeumizwa ni nusu ya kazi. Nusu nyingine, iliyo ngumu kuipima, ni kuzuia alfajiri ile isifike, na hapo darasa hurudishwa nyuma saa saba.

Saa nne usiku, geto la mtu fulani nje ya chuo. Mitihani imekwisha, bumu limeingia, muziki uko juu. Dada wa mwaka wa kwanza amekunywa kuliko alivyozoea. Kaka mmoja amekuwa akimwongezea kinywaji kila glasi inapofika nusu, na sasa anamshika mkono kumwongoza kwenye chumba cha ndani "akapumzike". Chumbani mna watu kumi na wanne. Angalau sita wameona. Kila mmoja wa sita hao anawatazama watano wengine, anaona hakuna anayeshtuka, anahitimisha kwamba pengine ni wapenzi.

Waelimishaji hawawafundishi wenzao ushujaa wa sinema. Wanawafundisha hila. Mwite yule dada kwa jina, umwambie mama yake anapiga simu yako. Mwage soda. Zima muziki uulize ni nani ameona chaja. Mwambie yule kaka kuna mtu anamtafuta nje. Kama unamwogopa, mfuate rafiki yake mkubwa umnong'oneze, maana mwanaume mwenye nia mbaya humsikiliza zaidi rafiki yake kuliko polisi. Na kama umeshindwa yote, msindikize yule dada nyumbani. Mtu anayeingilia kwa hila hahitaji kuwa na uhakika kwamba uhalifu unatokea. Akikosea, hasara ni glasi moja ya soda.

Kwa wavulana, hapa ndipo mlango wa kuingilia. Kijana wa kiume akiitwa kwenye semina ya ukatili wa kijinsia hufika akiwa amejikunja, akitarajia kuhukumiwa kwa niaba ya wanaume wote. Akiambiwa kwamba ameitwa kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa chumbani akaona, hujikunjua. Mwelimishaji wa kiume hapa hana mbadala, kwa vile utani mwingi unaowatayarishia wabakaji njia husemwa wanawake wakiwa hawapo. Na baadhi ya hao wavulana watabaki baada ya kikao, wakingoja chumba kitupu, ili waseme yaliyowapata wao wenyewe wakiwa wadogo.

Ofisi yenye mlango uliofungwa

Kuna ukatili ambao rika peke yake haliuwezi. Mwanafunzi mwenye sapu tatu, anayeogopa kudisko, akiambiwa na mtu mwenye kalamu ya alama kwamba wakutane mahali nje ya chuo, rafiki wa chumbani hana hila ya kumwaga soda itakayomsaidia.

Rushwa ya ngono ni kosa chini ya kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007: mwenye mamlaka anayedai ngono ili atoe ajira, haki au upendeleo anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi milioni tano, kufungwa kwa muda usiozidi miaka mitatu, au vyote viwili. Novemba 2018, Rais John Magufuli alipokwenda Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kuzindua maktaba mpya, Dk Vicensia Shule, mhadhiri wa chuo hicho, aliandika kwenye Twitter kwamba alitamani kumweleza Rais jinsi rushwa ya ngono ilivyokithiri hapo. TAKUKURU baadaye ilifanya utafiti kuhusu tatizo hilo katika vyuo vikuu vya Dar es Salaam na Dodoma. Mwaka huo huo wa 2018, Chuo Kikuu cha Makerere nchini Uganda kilikuwa na kamati ya uchunguzi wa unyanyasaji wa kingono, ikiongozwa na Profesa Sylvia Tamale. Tatizo halina mpaka.

Mwelimishaji anachoweza hapa ni kumsaidia mwenzake asiwe peke yake: asiende ofisini bila mtu, ahifadhi ujumbe, aandike tarehe na maneno aliyoambiwa siku hiyo hiyo, ajue kwamba namba ya TAKUKURU ni 113 na haina malipo. Wizara inayoshughulikia maendeleo ya jamii na jinsia imetoa mwongozo unaotaka vyuo viwe na madawati ya jinsia, na dawati lililo hai ndilo mahali pa kupeleka jambo kama hili. Dawati lisilo hai ni chumba chenye kufuli na bango zuri. Wanafunzi huijua tofauti kabla ya muhula wa kwanza kwisha.

Je, inasaidia?

Ni swali la haki, hasa kwa fedha na muda wa watu. Mwaka 2014 watafiti wa kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani, CDC, walipitia tathmini 140 za mipango ya kuzuia watu wasitende ukatili wa kingono. Ni mikakati mitatu tu iliyothibitisha kwa utafiti makini kwamba imebadilisha matendo. Mingi ya iliyosalia ilikuwa mafunzo mafupi, ya kikao kimoja, yaliyobadilisha majibu ya dodoso kwa wiki chache kisha mambo yakarudi kama zamani. Hilo liwakumbushe wanaodhani Siku 16 za kupinga ukatili, kuanzia Novemba 25 hadi Desemba 10, zinatosha kwa mwaka mzima. Kampeni nyingi za vyuoni huanza na fulana na kuishia na fulana.

Yaliyofaulu yalikuwa marefu. Nchini Canada, mpango ulioandaliwa na Profesa Charlene Senn wa Chuo Kikuu cha Windsor uliwafundisha wanafunzi wa kike wa mwaka wa kwanza kwa saa 12, zilizogawanywa mara nne: kuitambua hatari kwa mtu unayemfahamu, kushinda aibu inayokufanya usite, kujihami kwa maneno na kwa mwili. Washiriki 893 wa vyuo vikuu vitatu waligawanywa kwa bahati nasibu, wengine wakipewa vipeperushi tu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2015. Katika mwaka mmoja, waliobakwa katika kundi la vipeperushi walikuwa asilimia 9.8, katika kundi la mafunzo, asilimia 5.2.

Jimbo la Kentucky, Marekani, lilijaribu njia ya mashuhuda katika shule 26 za sekondari. Waliotafutwa kufundishwa kwanza ni wanafunzi ambao wenzao huwaiga, wawe wenye alama za juu au wasiwe nazo. Ukatili ulipungua, ila upungufu ulionekana mwaka wa tatu na wa nne. Na jijini Kampala, mpango wenye jina la Kiswahili, SASA!, uliwatumia watu wa kawaida wa mtaani kuzungumza na majirani zao kwa miaka kadhaa. Ukatili wa kimwili kati ya wenzi ulikuwa pungufu kwa nusu hivi ukilinganisha na mitaa ambako mpango haukuwa umefika. Mitaa si chuo, na Kentucky si Dodoma. Hata hivyo katika zote hizo hakuna aliyepata matokeo kwa semina ya asubuhi moja yenye chai na sambusa.

Chuo kina ugumu wake wa ziada: mwanafunzi huhitimu. Mwelimishaji aliyepikwa vizuri mwaka wa pili anaondoka mwaka wa tatu, na asipoacha watu nyuma yake, kila Novemba kazi inaanza upya.

Mzigo wa masikio

Kinachosahaulika zaidi ni yule anayesikiliza. Binti wa miaka 21, mwenye mitihani yake, akijulikana hosteli nzima kuwa ndiye wa kuambiwa, mlango wake hugongwa usiku. Anabeba visa ambavyo hawezi kuvisimulia. Pengine kimojawapo kinafanana na chake.

Kwa sababu hiyo mafunzo mazuri yanatumia muda mwingi kuchora mipaka. Mwelimishaji si mpelelezi, kwa hiyo hakusanyi ushahidi kwa kumhoji mtuhumiwa. Si mshauri wa kisaikolojia, kwa hiyo akishapokea hukabidhi. Hafanyi kazi peke yake; wawe wawili wawili, na awepo mtaalamu wa chuo wa kuwasikiliza wao. Siri huitunza, isipokuwa pale maisha ya mtu yakiwa hatarini, na hilo humwambia mwenzake mapema kabla hajaanza kusimulia.

Tena si msuluhishi. Huu ndio mtego mkubwa kwetu, watu wa kumaliza mambo kindugu. Atakuja kiongozi wa kikundi cha dini, au kaka anayeheshimika, apendekeze wawili hao wakutane, mmoja aombe radhi, wasameheane, jina la chuo lisichafuke. Kumkalisha mtu meza moja na aliyembaka ni kumuumiza mara ya pili, hata kikao kikifunguliwa kwa sala.

Simu ya nyumbani

Mzazi anayesoma ukurasa huu huenda ana mtoto chuoni, au atampeleka mwaka huu. Wapo wanafunzi wanaomficha mzazi kwa sababu wanajua, au wanadhani wanajua, kitakachofuata: utarudi nyumbani, chuo basi, ulifuata nini huko, baba yako akisikia. Msichana anayeogopa kuondolewa chuoni kwa kosa la mtu mwingine atachagua kunyamaza, na atachagua kumpoteza mama yake kama mtu wa kumwambia.

Hakuna anayemtaka mzazi awe mtaalamu. Anachoweza ni kusema mapema, kabla lolote halijatokea, siku ya kufunga begi, kwamba likitokea jambo la namna hiyo atapokea simu saa yoyote na hatauliza kwanza ulikuwa wapi. Wazazi wa wavulana wana maneno ya kusema pia, na kwa kawaida hawaambiwi wayaseme: mtu aliyelewa hajakubali, aliyenyamaza hajakubali, na ukimwona rafiki yako akimpeleka mtu chumba cha ndani, hilo linakuhusu.

Katika lile darasa la Jumamosi, mwisho wa siku, karatasi hugawiwa tena. Kisa ni kile kile: alfajiri, kiatu mkononi, taa haijawashwa. Dakika ni ile ile moja. Safari hii sentensi huwa fupi. Wengine huandika "Pole." Wengine, "Niko hapa." Kuna zinazosomeka hivi: "Niwashe taa, au niiache?"